Nondo wa nguo: anayetoboa sweta si yule anayeruka. Namna ya kummaliza

#1 Kabati_Kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Baridi ya Juni na Julai ikikaribia Njombe, Mbeya, Arusha, Limuru na Nakuru, masweta na mablanketi ya sufu hutolewa masandukuni, na hapo ndipo matobo huonekana. Jibu analopewa kila anayeuliza ni "tupia naftalini", zile tembe nyeupe zenye harufu kali. Naftalini iliyotupiwa kwenye kabati lenye mianya haimalizi nondo, na nyumba yenye mtoto mchanga inaingiza hatari nyingine kabisa. Tuliweke suala hili sawa.

Tuanze na mdudu mwenyewe. Nondo wa nguo aliyekomaa ana rangi ya dhahabu iliyofifia, urefu wa milimita 6 hadi 8 mabawa yakiwa yamekunjwa, na utosini ana kishungi cha nywele za rangi ya kutu. Huyu hali kitu. Kazi yake ni kupandana na kutaga, kisha anakufa ndani ya wiki chache. Anachukia mwanga: ukifungua kabati, anakimbilia kwenye mkunjo wa nguo. Kwa hiyo yule anayezunguka taa ya sebuleni usiku si yeye, na anayerukaruka jikoni kwenye unga na karanga pia ni wa jamii nyingine. Kuna watu wanapuliza dawa kabatini miezi mizima wakati tatizo lao liko kwenye debe la unga.

Mlaji ni kiwavi. Jike mmoja hutaga mayai kama 40 hadi 50, madogo kiasi cha nusu milimita, katikati ya nyuzi. Kwenye joto mayai huanguliwa ndani ya siku 4 hadi 10. Kiwavi ni mweupe wa maziwa, kichwa cha kahawia, na akikua anafikia kama sentimita moja. Chakula chake ni keratini, yaani protini ya sufu, manyoya, nywele na pembe. Hariri pia anaila. Pamba na polyester haziwezi kumlisha, isipokuwa zimechanganywa na sufu au zina jasho, mafuta ya mwili na mabaki ya chakula. Hapo anatafuna uchafu na kitambaa kinakwenda nao. Ndiyo maana matobo ya koti huanzia kwenye kola, kwapani na sehemu lilipomwagikiwa mchuzi.

Kwenye nyumba yenye joto kizazi kimoja kinaweza kumalizika ndani ya miezi miwili au mitatu. Kwenye baridi na chakula haba, kiwavi anaweza kukaa zaidi ya mwaka. Usidhani sanduku lililofungwa tangu mwaka jana limejisafisha lenyewe.

Dalili za uhakika: matobo yasiyo na mpangilio, utando mwembamba kama wa buibui ulioganda juu ya kitambaa, na vipunje kama mchanga wenye rangi ileile ya nguo. Hicho ni kinyesi chake. Sweta jekundu, punje nyekundu.

Karibuni tuongeze.

#2 Mtanga_Asili

Mkuu, asante. Huku pwani kuna vidude bapa vya rangi ya saruji, vimechongoka pande zote mbili kama mbegu ya tango, vinatambaa ukutani na kuning'inia. Ndio hao hao?

#3 Kabati_Kavu

Ni wa jamii moja, tabia tofauti. Hicho kidude ni nyumba anayojishonea kiwavi kwa hariri na kuipaka mchanga na vumbi, iko wazi huku na huku, naye hutoa kichwa upande wowote. Anapenda unyevunyevu, kwa hiyo Tanga, Dar, Unguja na Mombasa ni kwake. Chakula chake kikubwa ni utando wa buibui, wadudu waliokufa na nywele zilizodondoka. Sufu anaweza kuigusa, lakini si mharibifu kama yule wa kabatini. Ondoa tandabui, fagia nyuma ya makochi na chini ya vitanda, viokote kimoja kimoja uvitie kwenye maji ya sabuni. Dawa ya kupuliza ukutani haina kazi kubwa hapa, kwa sababu nyumba yake inamkinga.

Kuna wa tatu pia, mwenye kifuko cha mviringo kama punje ya mchele, anakivuta popote aendapo. Kifuko kina rangi ya nguo aliyoila. Huyo ni wa nguo kweli, atibiwe kama wa kwanza.

#4 Dobi_wa_Mtaa

Niongeze wanaofananishwa naye, maana dawa inatofautiana.

Ukiona mdudu mfupi mwenye vinyweleo vingi, wa kahawia au mwenye mistari, na hakuna utando wowote, huyo ni mtoto wa mbawakavu wa mazulia. Mkubwa wake ni mdogo kama kichwa cha pini kubwa na utamkuta dirishani, kwa sababu yeye anafuata mwanga. Joto na baridi vinamuua sawasawa na nondo, lakini chanzo chake mara nyingi ni kiota cha ndege darini au panya aliyekufa juu ya siling bodi. Usipotoa mzoga, unafanya kazi bure.

Shati la pamba lililopigwa wanga, limekwanguliwa juujuu bila tobo la wazi: huyo si nondo. Tafuta mende, au yule mdudu wa rangi ya fedha mwenye mikia mitatu anayekimbia kwenye vitabu.

#5 Jua_Kali

Sasa tuue. Njia nafuu kuliko zote kwetu ni jua, ila wengi wanalitumia vibaya. Kuanika sweta kwenye kamba kunamfukuza kiwavi, hakumuui. Anajidondosha chini, au anahamia kwenye mshono wenye kivuli. Kinachoua ni joto kufika katikati ya kitambaa: digrii 55 kwa saa moja humaliza yai, kiwavi, bundo (kiwavi aliyejifungia ili ageuke nondo) na nondo mwenyewe.

Ili upate joto hilo unahitaji nailoni nyeusi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, lakini nailoni nyeusi ya ujenzi, ile inayotandikwa chini ya zege, inauzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi.

1. Nguo iwe kavu kabisa. Yenye unyevu itatoa mvuke ndani na kuacha madoa.
2. Itandaze juu ya taulo la pamba, unene usizidi sentimita 10. Rundo nene katikati linabaki vuguvugu hata nje kukiwa kunaunguza.
3. Weka kipimajoto cha jikoni, ncha yake iwe katikati ya rundo.
4. Funika kwa nailoni juu na chini, kunja kingo, funga kwa selotepu pana.
5. Weka juu ya bati au sakafu ya saruji kuanzia saa tano asubuhi. Saa saba geuza.
6. Anza kuhesabu saa moja kuanzia kipimajoto kinapogonga 55, si kuanzia ulipoweka juani.

Dodoma, Singida au Garissa hii haikupi shida. Njombe mwezi wa Julai usihangaike, joto halitafika, tumia friza. Usitumie njia hii kwa ngozi, kofia zilizogandishwa kwa gundi, wala nguo zenye vifungo vya plastiki laini.

#6 Barafu_Kamili

Friza nayo ina masharti yake, na hapa watu wengi wanashindwa.

Kiwango salama ni digrii 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Kile kichumba cha barafu ndani ya friji ya mlango mmoja mara nyingi hakifiki huko. Pima. Friza la kulala, lile la kuuzia samaki na barafu, linafika.

Kunja nguo, itie kwenye mfuko wa plastiki mzito, toa hewa yote, funga kabisa. Iingie moja kwa moja kwenye baridi kali. Ukianza kwa kuiweka siku mbili kwenye sehemu ya mboga, kiwavi anapata muda wa kuizoea baridi. Usijaze friza nguo kilo 20 kwa mpigo, kwa sababu sufu ni kizuizi cha joto na baridi pia. Katikati ya bunda patachukua siku kadhaa kuganda. Umeme ukikatika hadi vitu vikaanza kuyeyuka, anza kuhesabu upya.

Ukitoa, USIFUNGUE mfuko kwa saa 24. Ukifungua mapema, unyevu wa hewani unaganda kwenye nguo, na kwa watu wa pwani hapo umeshakaribisha ukungu.

#7 Mfamasia_Zamu

Nimesubiri suala la naftalini, na hapa naomba wazazi wasome taratibu.

Naftalini ni kemikali inayogeuka mvuke. Inamdhuru nondo pale tu mvuke unapojaa kwenye chombo kisichopitisha hewa. Tembe tano kwenye kabati lenye milango isiyobana zinakupa harufu tu, wala hazifikii kiwango cha kuua. Kwa maneno mengine, ukiisikia harufu chumbani, dawa imetoka kwa nondo na inaingia kwenye mapafu yako.

Sasa mtoto. Watu wengi wa maeneo yetu yenye malaria wamerithi upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na wengi hawajui, kwa sababu siku za kawaida hauonyeshi dalili. Naftalini kwa mtu wa namna hiyo inavunja chembe nyekundu za damu. Kwa mtoto mchanga ni mbaya zaidi: nguo na blanketi zilizohifadhiwa na tembe hizi, akifunikwa nazo, zinaweza kumletea manjano kali kiasi cha kudhuru ubongo. Mtoto aliyepakwa mafuta mwili mzima, sumu hiyo inamwingia zaidi kupitia ngozi. Dalili ni macho ya njano, kupauka, mkojo mweusi kama chai ya rangi, kutonyonya na kulegea. Ni hospitali palepale, na mwambie daktari kuna naftalini.

Nguo za mtoto zisikae na naftalini hata siku moja. Kufua tu hakutoshi kuiondoa. Na tembe zisiachwe chini. Mtoto anaziona ni peremende.

Umoja wa Ulaya uliziondoa sokoni mwaka 2008. Kwetu bado zinapangwa mezani bila lebo, hujui hata kama ni naftalini au paradiklorobenzini, kemikali nyingine ya tembe za nondo. Hizo mbili zisichanganywe, wala naftalini na karafuu maiti: zikigusana kwenye joto la Dar zinaweza kuyeyuka na kuwa majimaji yanayotia doa lisilotoka.

#8 Mke_wa_Sanduku

Dada Mfamasia umesema kweli. Lakini karafuu maiti, karafuu, majani ya mwarobaini na masanduku ya mti wa kafuri bibi zetu walitumia na nguo zilikaa. Nazo hazifai?

#9 Mfamasia_Zamu

Zina nafasi yake, bibi, ila ni ndogo kuliko zinavyosifiwa. Harufu kali inaweza kumsitisha jike asitage hapo, basi. Mayai yaliyomo tayari yataanguliwa na kiwavi atakula pembeni ya karafuu. Mafuta ya karafuu na ya mti hupotea hewani. Baada ya miezi michache unabaki na mapambo. Mwarobaini mkavu ulioachwa mwaka mzima unakuwa makazi ya wadudu wengine.

Sanduku lenyewe ndilo lililokuwa likifanya kazi kubwa: mbao nzito, mfuniko unaobana, na mwenye nalo anatoa nguo, anazikung'uta, anazianika na kuzikunja upya. Hiyo ya mwisho ndiyo dawa. Mayai mengi yanadondoka kwa kusuguliwa na brashi.

Karafuu maiti ni sumu ikimezwa, hasa kwa mtoto. Kipande kidogo tu kinaweza kuleta degedege. Kaa nayo mbali naye kama naftalini.

#10 Dobi_wa_Mtaa

Kuhusu kufua. Maji ya digrii 60 yanaua kila kitu, lakini sweta la sufu litatoka saizi ya mwanao. Maji ya baridi na sabuni laini yanaondoa jasho na mayai mengi, ila hayaui yote, kwa hiyo baada ya kukauka lipitishe kwenye joto au friza. Suti na majoho peleka kwa dobi wa kufua bila maji. Kemikali yake inaua. Ukitumia pasi ya mvuke, weka kitambaa chepesi chenye unyevu juu, gandamiza, hesabu hadi kumi, inua, sogea. Kuiteleza pasi haraka hakupashi joto ndani ya mshono, na mshono ndiko aliko. Geuza mifuko nje, kwenye vumbi la chini la mfuko wa koti kuna nywele na makombo ya kutosha kumlea.

Mitumba: makoti na masweta ya baridi yasiingie kabatini siku ya kununuliwa. Yapite kwanza kwenye nailoni au friza.

#11 Fundi_Kabati

Nguo mmezimaliza, nondo bado yuko. Kiwavi akitaka kujigeuza bundo mara nyingi huiacha nguo, anatambaa hadi kwenye ufa, pembe ya juu ya kabati, nyuma ya droo, tundu la skrubu. Ukirudisha nguo safi kwenye kabati hilo, mwezi ujao mnaanza upya.

Toa kila kitu. Chomoa droo zote, zigeuze. Fyonza kwa mashine yenye mdomo mwembamba, kwenye maungio na chini ya kabati. Huna mashine, tumia brashi ngumu na kitambaa kibichi. Mfuko wa mashine utoe siku hiyohiyo, uufunge, uutupe nje. Ukiuacha, wanaanguliwa humo. Futa mbao kwa maji moto na sabuni, kausha kwa feni. Kabati la plywood lililoachia pembeni, ziba nyufa kwa puti au silikoni. Hatua hii watu wanairuka, nami naiona ni nusu ya kazi.

Dawa ya kupuliza ije baada ya hapo. Chagua yenye pareto, permethrini au deltamethrini iliyosajiliwa kwa matumizi ya nyumbani, na upulize kwenye nyufa na kingo tu, si kwenye nguo za kuvaliwa. Pareto ya Iringa au Nyandarua ni ileile, inaua upesi ila mwanga unaivunja, kwa hiyo haidumu. Permethrini ni hatari kwa paka na samaki. Acha milango wazi hadi pakauke. Dawa za shambani zinazopimwa kwenye chupa za maji zisiingie chumba cha kulala kwa sababu yoyote ile.

#12 Musala_na_Zulia

Naomba maelezo ya zulia la sufu. Juu linaonekana zima, ukiinua kochi nyuzi zinabaki mkononi.

#13 Fundi_Kabati

Ndivyo anavyokula: mahali pasipokanyagwa, penye giza, chini ya kochi na kando ya ukuta. Kwanza hakikisha ni sufu. Chomoa uzi mmoja, uuwashe nje kwa koleo: sufu inanuka kama nywele zilizoungua na majivu yanasagika, ukiyeyuka na kuacha kitone kigumu ni plastiki, na hapo nondo hana chakula.

Kama ni sufu, toa fanicha, fyonza juu mara mbili kwa mielekeo miwili, geuza, fyonza mgongo. Kisha litandaze juani chini ya nailoni kama Jua_Kali alivyoeleza, upande mmoja leo, wa pili kesho, halijakunjwa. Sakafuni pulizia kando ya ukuta kabla ya kulirudisha. Halafu kila mwezi sogeza kochi. Kwa zulia kubwa la msikitini gaweni sehemu, mfyonze kingo kila wiki na muinue pembe zake.

#14 Saluni_Kona

Mmesahau wigi. Nywele za binadamu ni keratini tupu. Wigi na weaving zilizovuliwa na kuhifadhiwa na mafuta zina matobo na nyuzi zinazokatika katikati. Osha, kausha hadi kwenye wavu wa ndani, friza wiki mbili, kisha chombo chenye mfuniko. Joto la nailoni hapana, gundi ya wavu itaachia.

#15 Mtanga_Asili

Swali la mwisho kwangu: mkisema tufunge kwenye chombo, huku kwetu nguo iliyofungwa inaota ukungu.

#16 Kabati_Kavu

Inaota ukungu kwa sababu inafungwa ikiwa na unyevu. Funga siku ya kiangazi, adhuhuri, mara tu nguo imetoka kwenye jua na kupoa kivulini, si asubuhi wala siku ya mvua. Ndoo au boksi la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko. Kama hauna mpira, zungushia selotepu pana, maana kiwavi aliyeanguliwa leo ana milimita moja tu na anapita kwenye mwanya usiouona. Ongeza vifuko vya silika vinavyokuja na viatu na vifaa vya umeme, vitano au sita kwa boksi la lita 40, ukivikausha upya juani kila unapofungua. Usiweke boksi kwenye sakafu ya saruji moja kwa moja. Tia vipande viwili vya mbao chini.

Kwa wenye uwezo wa kuagiza mitego ya gundi yenye harufu ya jike: inanasa madume tu. Haimalizi nondo, inakuonyesha kama bado wapo na wako chumba gani. Mmoja kwa chumba unatosha, gundi ibadilishwe baada ya miezi mitatu hivi.

Ukaguzi: wiki ya nne baada ya usafi, kisha ya nane. Chukua tochi, angalia chini ya kola, ndani ya mifuko, pembe za juu za kabati. Ukikuta kiwavi hata mmoja mwenye uhai, nguo hiyo na zote zilizoigusa zirudi kwenye joto au friza, na kabati lifyonzwe tena. Miezi mitatu mfululizo bila kiwavi wala punje mpya, hapo ndipo useme wamekwisha.